Ukuta Unauma

Ukuta wa chumba cha Bi Sikujua ulianza kuuma mwezi uleule umeme ulipoingia nyumbani kwake. Aliyeyaona mambo hayo mawili kuwa ni jambo moja alikuwa mkwewe, Rukaiya, na Rukaiya hakuulizwa na mtu.

Nyumba ilikuwa ya zamani, ya udongo na fito za mikandaa, yenye baraza pana linaloitazama barabara kuu ya Ikwiriri. Marehemu mume wa Bi Sikujua aliijenga enzi za ushirika, wakati gunia la mpunga lilikuwa linatosha kumpa mtu heshima. Sasa ushirika ulikuwa umekufa. Jenereta lake, lililonunuliwa kwa mpunga wa wanachama, lilikuwa mali ya Kibwana, aliyekuwa katibu wa ushirika huohuo. Jinsi mali ya wote ilivyogeuka kuwa ya katibu halikuwa jambo la mkutano. "Siku hizi ruksa, jamani," Kibwana alisema, na watu wakacheka kama wamejibiwa. Aliliweka jenereta nyuma ya gesti yake, iliyopakana na ua wa Bi Sikujua, akaanza kuwauzia majirani mwanga, kuanzia magharibi mpaka wageni wake walale.

Bi Sikujua aliutaka umeme kwa roho yote, na alitaka waya zisionekane. "Kwa Kibwana hamna waya unaoning'inia," alisema. "Mimi sikai kibandani."

"Dogo hilo, mama," alisema Badru, fundi wa Kibwana. "Tunazipitisha ndani ya paipu, tunafukia ukutani. Kama Ulaya."

Pesa ya paipu aliitoa Twalibu, mtoto wa Bi Sikujua na mume wa Rukaiya. Alikuwa fundi cherehani, na alitaka mwanga wa kushonea nguo za Idi. Badru alichimba mfereji ukutani, akawatuma watu wa nyumba wamfuatie maji ya kukandia udongo, na waliporudi tayari alikuwa amefukia. Globu likawaka. Bi Sikujua akapiga vigelegele peke yake, mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya hapo ndipo ukuta ulipoanza. Bi Sikujua aliegemea baada ya kuswali, akaruka. "Kuna kitu kimenipita begani!" Siku ya pili kikampita tena. Siku za mvua kilizidi. Wakachoma ubani, mwalimu wa madrasa akaandika kombe, kuku mweupe akachinjwa. Ukuta ukaendelea kuuma.

"Mama," alisema Rukaiya, "shetani gani huyu anayengoja mashine ya Kibwana iwashwe? Mchana mbona haumi?"

"Mashetani hutembea magharibi, mwanangu. Ina maana kwenu hamkufundishwa?"

Ni kweli kwamba mashetani husemwa kutembea magharibi, na ni kweli kwamba Kibwana aliwasha mashine magharibi. Mtu angelipwa kutafuta saa ya kuuficha uzembe wake, asingepata saa nzuri kuliko hiyo.

*

Mbuzi wa Idi ya Kuchinja ndiye aliyemtoa Rukaiya nyumbani. Walikuwa wamemfunga kwa nje, kwenye ukuta uleule. Mvua ikanyesha jioni, na walipokwenda kumwingiza bandani walimkuta amekauka miguu juu, kamba haijakaza shingoni, povu hakuna.

Kibwana alikuwa kwenye baraza la gesti na wanunuzi wa mpunga kutoka Dar es Salaam, vijana wenye saa kubwa mikononi. Rukaiya alisimama chini ya ngazi. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Bwana Kibwana, nimekuja kwa ajili ya umeme. Ukuta wetu unapiga shoti. Umeua mbuzi."

"Umeme umeua mbuzi?" Kibwana aliwageukia wageni wake. "Mnasikia? Umeme wangu una meno."

Vijana wakacheka.

"Shemeji, mbuzi wako kala majani ya muhogo mabichi. Hayo ni mambo ya malezi ya mbuzi, mimi nauza mwanga."

"Naomba Badru aje aufungue ukuta, tuone paipu."

"Aubomoe, halafu mje mniambie Kibwana kabomoa nyumba ya mjane? Loo!" Aliinua chupa yake ya soda, akainywa taratibu huku yule mwanamke amesimama, mpaka povu likaisha. "Kama taa huitaki sema, nimwambie akate leo. Wanaoingoja nafasi yenu ni wengi. Ila kamuulize kwanza Twalibu atashonea macho ya paka?"

Walicheka tena. Rukaiya akarudi nyumbani, na kile kicheko kikamfuata mpaka uani.

Twalibu hakuacha kukanyaga cherehani. Kanzu zilikuwa zimemjaa mpaka magotini. "Baada ya Idi, mama Muzda. Nimalize nguo za watu kwanza."

"Na ukuta nao umeambiwa usubiri Idi?"

"Wewe huegemei. Mama nimemwambia asiegemee. Tatizo liko wapi?"

*

Tatizo lilikuwa kwamba Idi haiingii kwenye nyumba chafu. Kila mwaka wanawake wa mtaa ule hukanda udongo mwekundu, wakazikandika kuta upya, wakaziba nyufa kwa kiganja, halafu wakapaka chokaa. Nyumba isiyokandikwa husemwa. Kwa Bi Sikujua kazi hiyo ilikuwa ya wote watatu: yeye alikanda, Rukaiya alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa akakandika sehemu za juu, na Muzdalifa, binti wa Rukaiya aliyekuwa darasa la saba, akakandika za chini.

Ilikuwa asubuhi. Hakuna aliyekuwa na hofu ya mashetani asubuhi. Lakini wale wanunuzi wa Dar es Salaam walikuwa wamelalamikia joto, wakataka feni na soda za baridi, na Kibwana alikuwa ameiwasha mashine toka jua linatoka. Rukaiya aliisikia. Alijiambia taa imezimwa kwenye swichi, basi. Kosa hilo lilikuwa lake, na hakulisahau.

Muzdalifa aliuona ufa chini ya swichi. Akachota tonge la udongo, akalisukuma ndani kwa vidole.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililowatisha. Alibaki amesimama, mkono umezama ukutani, mwili mzima ukitetemeka kama ungo unaopepeta, macho yametoka.

"Kamshika!" alilia Bi Sikujua. "Kamshika mjukuu wangu! Toka! Toka, maluuni wee!"

Ulikuwepo mchi umeegemezwa mlangoni, mkavu, haujatwangiwa siku nyingi. Bi kizee aliunyakua kwa mikono miwili, akampiga shetani. Alimpiga alipokuwa, yaani kwenye mkono wa mtoto. Mfupa ukalia. Mkono ukachomoka ukutani, na Muzdalifa akaanguka kwenye rundo la udongo.

Rukaiya alimrukia, akamgeuza, akamwita jina. Kifua kikanyanyuka. Ndipo mtoto alipolia, na mama yake hajawahi kusikia sauti tamu kama kile kilio.

"Ukuta ulinishika, mama," alisema Muzdalifa. "Nilikuwa nataka kutoa mkono, haukubali."

*

Kule zahanati, tabibu aliufunga mkono kwa mbao na bendeji. Akaangalia vidole vilivyobabuka, akasema ni moto wa jikoni. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Nani kamvunja?"

"Mimi," alisema Bi Sikujua. "Kwa mchi."

Alisema kweli kwa kuwa hakujua kusema kingine, na kabla ya adhuhuri Ikwiriri nzima ilikuwa nayo ile kweli, imeng'olewa kichwa na miguu. Bi kizee kamvunja mjukuu kwa mchi. Bi kizee ana mambo. Mbuzi mnamkumbuka? Na macho yake, mmeyaona siku hizi yalivyo mekundu? Aliyeyasukuma maneno hayo kutoka baraza hadi baraza alikuwa Kibwana, huku akitikisa kichwa kwa huruma.

Alasiri balozi wa nyumba kumi, mzee Mrisho, alibisha hodi. Nyumbani kwake globu la Kibwana liliwaka bure.

"Twalibu, mwanangu, jambo hili zito," alisema. "Kuna watu wamelalamika. Mtoto wa shule kavunjwa mkono. Idi ikipita itanibidi nimpeleke mama yako Kibiti, polisi, akajieleze."

"Mama yangu? Polisi?"

"Labda mfanye hivi. Mseme kwamba mtoto alianguka kwenye kinu. Mama aombe radhi kwa Bwana Kibwana kwa kuwa nyumba yenu imeusingizia umeme wake. Yaishe."

Bi Sikujua alikuwa ameketi mkekani, mikono imelala mapajani kama si yake. "Nimwombe radhi Kibwana?" aliuliza polepole. "Aliyekula magunia ya mume wangu?"

"Hayo ya zamani, bibie."

Balozi alipoondoka, Twalibu alijishika kichwa. "Tuseme kinu. Neno moja tu, mama Muzda. Mama yangu atalala lokapu na umri ule?"

"Tukisema kinu," alisema Rukaiya, "ukuta utabaki vilevile. Mwanao atarudi shule na mkono wa kinu. Mama yako ataitwa mchawi mpaka kaburini. Na Bi Fatu jirani kesho anakandika, na waya zake kafukia Badru huyohuyo. Unataka akifa naye tuseme alianguka kwenye kinu?"

Mkono wa Twalibu ulikuwa umekwenda kwenye swichi ya baraza kwa mazoea, jioni ilikuwa inaingia na kanzu zinamngoja. Rukaiya aliutazama ule mkono, akautazama tu, mpaka Twalibu akaurudisha. Akaenda kutafuta kibatari.

*

Alfajiri, mashine ikiwa imelala, Rukaiya alichukua panga akaufungua ukuta kuanzia penye ufa chini ya swichi kwenda juu. Udongo ulianguka vipande vipande. Alichimba mpaka fito zikaonekana, na paipu hakuiona. Alichokiona ni waya mwembamba wa spika, ule wa kuungia redio, umepindwapindwa. Chini ya swichi, pale penye ufa, waya mbili zilikuwa zimeungwa kwa kusokotwa, na kiungo kimefungwa kwa nailoni ya mfuko wa sukari. Nailoni ilikuwa imeyeyuka. Shaba ilikuwa wazi, inang'aa ndani ya tope.

Twalibu alikuja akasimama nyuma yake. Yeye ni mtu wa nyuzi, aliijua kazi ya kulipua alipoiona.

"Nilimlipa paipu," alisema.

"Kamwite balozi. Na Kibwana."

Waliokuja walikuwa zaidi ya walioitwa. Kesho yake ilikuwa Idi, watu hawakuwa na kazi ya mbali, wakajaa uani mpaka mlangoni. Kibwana alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, Badru nyuma yake akitazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Balozi aliinama, akachungulia ule mfereji, akakohoa.

"Badru," alisema Rukaiya, "paipu ziko wapi?"

Badru akafungua mdomo. Kibwana akamwahi. "Mimi waya hizi sizijui. Hawa wamechimba usiku, wamebadilisha wenyewe. Na hata kama ni hizi, jamani, umeme umo mle ndani, wewe uko huku nje, katikati pana udongo. Udongo huuma?" Aliwageukia watu kama alivyowageukia wale wanunuzi. "Bi kizee kamvunja mtoto. Aibu imewashika, wamemtafuta wa kumbebesha."

"Basi ushike," alisema Rukaiya.

"Nishike nini?"

"Ukuta. Nitaufukia kama alivyoufukia Badru. Udongo mbichi, kama tunavyokandika. Mashine iwashwe, na wewe uweke kiganja hapo alipoweka mwanangu."

Kibwana akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la mtu aliyekwishajipangia. "Hilo tu? Ziba, shemeji. Badru, nenda kawashe." Akamvuta Badru pembeni kidogo, akamnong'oneza, akamsukuma mgongoni.

Rukaiya alikanda udongo mbele yao, akaufukia mfereji, akausawazisha. Nyuma ya ua mashine ilikohoa, ikashika, ikanguruma. Twalibu akabonyeza swichi kwa mpini wa ufagio na globu likawaka, dhaifu mbele ya jua.

Kibwana alikunja mkono wa kanzu mara moja, mbili. Alisema bismillahi kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Akainua kiganja, akawaonyesha watu, akangoja kidogo. Nyuma ya ua mashine ikakata. Mara hiyohiyo kiganja kikatua ukutani, kikazama kwenye udongo.

"Mnaona?" alisema. "Mnaona, jamani? Kuna meno hapa?"

Watu wote walikuwa wamesikia. Mtaa ule uliijua sauti ya mashine ile kama mzazi anavyokijua kikohozi cha mwanawe; wengine waliipangia hata kula. Lakini wengi waliangalia chini. Kesho Idi, na kwa Kibwana kungekuwa na video, na majumbani mwao mlikuwa na globu linalowaka kwa hisani yake. Mtu mmoja alicheka. Balozi Mrisho akapanguza jasho. "Haya, Bwana Kibwana kashika, wote tumeona. Suala limekwisha."

Hapo ndipo Rukaiya alipoweka kiganja chake juu ya kiganja cha Kibwana, akakikandamiza ukutani kwa uzito wake wote. Mikono iliyotwanga na kulima toka utotoni haikuwa sawa na mkono wa kushika chupa ya soda.

"Badru!" aliita, kichwa amekigeuzia uani. "Washa mashine!"

"Ala! Shemeji, unafanya nini?"

"Umeme hauna meno. Badru! Tajiri wako anasema washa!"

Nyuma ya ua, Badru, aliyeyazoea maisha ya kutii sauti inayopaa, akaitia hendeli. Wakaisikia ikizunguka. Krr. Krr.

"Niachie!" Kibwana alivuta mkono, udongo ukamnyonya, yule mwanamke akamlalia. Wote wawili walikuwa peku, kwa kuwa viatu walivivua mlangoni. Kama ni kufa walikuwa wafe pamoja, na Kibwana aliliona hilo usoni mwake.

"Rukaiya, mwanangu," alisema Bi Sikujua kutoka mkekani, kwa upole kabisa, "nilete mchi?"

Krr. Krr. Mashine ikakohoa.

"Usiwashe!" Sauti ya Kibwana ilipasuka, ikawa nyembamba kama ya mtoto. "Badru, usiwashe! Tutakufa! Usiwashe, nakwambia!"

Hendeli ikanyamaza. Rukaiya akautoa mkono wake, na Kibwana akauchomoa wa kwake kwa nguvu mpaka akakaa chini kwenye tope, na kanzu yake ya pasi. Hakuna aliyemsaidia kuinuka, na hakuna aliyemgusa. Alitoka kwa kupita katikati yao, mkono mwekundu mpaka kwenye kiwiko, na Bi Fatu akasogea pembeni asimchafue.

Rukaiya alimgeukia balozi. "Haya, mzee Mrisho. Polisi anakwenda nani?"

Mzee Mrisho alitafuta viatu vyake kwa muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji.

*

Hakuna aliyekwenda polisi. Bi Sikujua hakuitwa, na Kibwana pia hakuitwa. Twalibu aliukata waya nje, kwenye nguzo, akaukunja na kuutupia uani kwa Kibwana. Alishona kwa kibatari mpaka macho yakamvimba, na kanzu tatu hazikumaliziwa. Wenye kanzu wakamsema.

Magharibi ya Idi mashine ilinguruma kama kawaida. Globu zikawaka mtaa mzima, zikawaka hata kwa watu waliokuwa wamesimama uani na kusikia kila neno. Walikuwa wamewakataza watoto wao wasiguse kuta, wakaona yametosha. Rukaiya aliketi gizani barazani akizihesabu.

Siku ya pili ya Idi Badru alikuja na paja la mbuzi kwenye sinia, na paipu za plastiki begani. Hakupanda barazani.

"Mzee anasema Idi mubaraka. Anasema nikuwekeeni paipu, na waya mpya, na swichi mpya. Bure. Ila anaomba..." Alisogeza paipu begani. "Anaomba nianze kwa kuziba pale ukutani."

Mle ndani udongo ulikuwa umeshakauka, na kiganja cha Kibwana kilikuwa kimebaki pale, vidole vitano vimetanuka, mpaka alama ya pete yake ilionekana. Muzdalifa alikuwa amewapitisha wenzake wa shule wote kuja kukiona.

Bi Sikujua alilitazama lile sinia. Twalibu alizitazama zile paipu. Wote wawili wakamtazama Rukaiya.

"Nyama rudi nayo," alisema. "Paipu peleka kwa Bi Fatu. Ukimaliza kwake, nenda nyumba inayofuata, na inayofuata, kila ulipofukia waya wa spika. Na Kibwana akulipe wewe na alipie paipu hizo, maana sisi tulishalipa. Siku utakapomaliza ya mwisho, njoo hapa, na mimi mwenyewe nitakukandia udongo wa kuzibia."

"Dada Rukaiya, hizo ni nyumba nyingi."

"Nazijua. Wewe ndiye uliyezifukia."

Badru akageuka. Alikwenda na paipu zake akapita mlango wa Bi Fatu, hakubisha, akaendelea mpaka gesti.

Mwaka uliofuata, Idi ilipokaribia, wanawake wa nyumba ile walikanda udongo mwekundu, wakazikandika kuta zote upya, wakapaka chokaa. Muzdalifa alifanya kazi kwa mkono mmoja, kwa kuwa ule mwingine haukunyooka tena sawasawa. Walipofika chini ya swichi walipita pembeni, wakakizunguka kile kiganja kwa uangalifu, kisije kikafutika.